Barua kwa Baba wa Miaka Minane

Jumapili, 2 Februari
Namba imerudi 1 tena. Jana ilikuwa Sabato, sikufungua kompyuta, na hii programu ya Kihispania haijui Sabato. Inahesabu siku za mfululizo kule juu kwenye kona. Nafika sita, Ijumaa jua linazama nafunga, Jumapili inanianzisha upya kama mtoto mtoro. Huu ni mwezi wa tano tangu nianze kujifunza. Sijawahi kuiona saba. Haidhuru. Maneno yako kichwani, hayako kwenye kona.

Leo mapya kumi. Cuchara, kijiko. Lluvia, mvua. Diente, jino. Hilo la jino nina kazi nalo.

Jumanne, 4 Februari
Chai tangu alfajiri. Nachuma na maneno: kila mstari wa michai maneno matano, na siuachi mstari mpaka niyaseme yote bila kikaratasi. Lluvia ilinigomea hadi mvua yenyewe ikaja.

Shemeji Nyabuto, ndugu wa marehemu mume wangu, alikuwa anapitisha ng'ombe wake akanisikia. "Mwalimu, hiyo Kispanish utaongea na nani hapa Gesima? Na ng'ombe?" Nikamsalimia ng'ombe. Buenos días. Ng'ombe akainua kichwa. Nimefurahi siku nzima.

Jumatano, 5 Februari
Nimeongea na mjukuu wangu Mateo kwa simu, kama kawaida Moraa akiwa katikati. Binti yangu ni muuguzi huko Uhispania, mumewe Andrés ni dereva wa malori, na mtoto wao ana miaka minane, hajawahi kufika hapa, na hajui neno ila la Kihispania. Nasema, Moraa anatafsiri. Mtoto anasema, Moraa anatafsiri. Kama mkalimani wa korti. Sentensi yangu ndefu inatoka fupi upande wa pili. Inaniudhi sana.

Moraa anasema simu siku hizi inatafsiri yenyewe, nisijisumbue. Nimefundisha watoto wa watu kusoma kwa miaka thelathini na mmoja. Sitasomewa barua ya mjukuu wangu na simu.

Jumapili, 16 Februari
Namba 1. Lakini nimesoma hadithi nzima ndani ya programu. Kurasa nne, mbwa aliyepotea sokoni. Nilifungua kamusi mara sita tu, na mwishoni nilimhurumia mbwa. Mtu hamhurumii mbwa asiyemwelewa. Kwa hiyo nimesoma.

Darasani nilisema "tarakilishi" miaka mingi bila kuigusa hata moja. Sasa ninayo mezani na inaniogopa.

Jumatano, 19 Februari
Nimeandika barua. Barua yangu ya kwanza kwa Kihispania, bila Moraa. Sentensi kumi na moja. Nimemuuliza lile jino lililong'oka, limeota? Shule inaendeleaje? Nimemweleza mvua, na ng'ombe wa Nyabuto.

Nimeanza: Querido papá. Baba mpendwa. Ningemwitaje vingine? Jina lake la pili ni Makori, ndilo la baba yangu, na kwetu mtoto akibeba jina la babako, yeye ni babako. Tangu azaliwe namwita Tata, yaani baba kwa lugha yetu. Nyabuto mwenyewe, akimwona kwenye simu, humwamkia kwa adabu zote.

Nimeituma kwa barua pepe ya nyumbani kwao, ile Mateo huifungua akitoka shule. Kisha nimeisoma tena mara mbili. Ni fahari, si woga.

Jumapili, 23 Februari
Hajajibu. Watoto wana mambo mengi.

Jumanne, 4 Machi
Hajajibu. Jana alikuwa kwenye simu, akasema hola, akaondoka. Moraa anasema amechoka. Nilitaka kumuuliza kuhusu barua lakini sikuuliza. Mwalimu hamwombi mwanafunzi asifie somo.

Nimeipitia barua mara nne natafuta kosa. Nimepata mawili, madogo. Labda mtoto amenicheka. Labda ameionyesha wenzake nao wamecheka. Nikifikiria hilo, masikio yanawaka moto.

Alhamisi, 6 Machi
Chaja imekufa. Nimeipeleka kwa fundi kule Keumbu. Bila kompyuta nimerudia maneno yote kwenye michai, mistari kumi na miwili, kwa hasira. Kikapu kilijaa haraka.

Jumanne, 11 Machi
Bado. Chaja imepona. Mimi sina hamu. Nimefungua programu, nikaitazama, nikaifunga. Nyabuto aliuliza, "Mwalimu, Spain wanasemaje?" Nikamwambia wazima. Nimemdanganya. Naona aibu.

Jumapili, 16 Machi
Moraa amepiga, anacheka hadi analia. Mimi sikucheka.

Mateo aliifungua barua siku ileile. Akaona Querido papá. Mtoto amelelewa vizuri, hasomi barua ya mtu mwingine. Akaifunga, akamwachia babake. Andrés alikuwa safarini, aliporudi akaona imeshafunguliwa, hakujua ni mpya. Ikakaa hapo. Na mtoto mwezi mzima ana uchungu: nyanya amejifunza Kihispania kwa ajili yangu, kisha anamwandikia Papá.

Nikamuuliza Moraa: nikimwita Tata kwenye simu, wewe unamwambiaje? Akasema, "Mama, mimi huwa nasema tu Mateo. Ni rahisi." Miaka minane! Mtoto hajui amebeba jina la nani. Hajui hata kama lina mtu.

Nimemgombeza Moraa vikali. Moraa alitaka amweleze jioni hiyohiyo, yamalizike. Nimemkataza. Nitamweleza mwenyewe.

Jumatatu, 17 Machi
Maneno ninayohitaji: kurithi, desturi, kigoda, kaburi, kubeba. Programu haina kigoda. Nitaandika kiti kidogo cha miguu mitatu.

Jumapili, 23 Machi
Siku nzima, aya moja tu. Ninachojua kumhusu baba ni kikubwa kuliko Kihispania changu. Nafuta, naandika. Lakini kila sentensi iliyobaki ni yangu, hakuna mashine iliyoitunga.

Jumapili, 30 Machi
Imekamilika. Sentensi ishirini na tatu. Safari hii nimeanza na jina lake: Mateo, barua hii ni yako, na ile ya kwanza pia ni yako. Isome.

Nimemweleza. Makori alikuwa baba yangu. Alikuwa mfupi, alipenda ndizi za kuchoma, alikalia kiti kidogo cha miguu mitatu mlangoni. Nikitoka shule hakuniuliza nimekuwa wa ngapi. Aliuliza: umekula? Kila siku, hata nilipokuwa mwalimu mzima mwenye watoto wangu. Alikufa kabla hujazaliwa. Ulipozaliwa tulikupa jina lake, kwa hiyo hapa kwetu wewe ni baba yangu, na mimi ni binti yako. Si mchezo. Ukija, wazee watakuamkia hivyo. Usicheke.

Nimeituma. Ikiwa na makosa, na iwe nayo. Hii ndiyo kazi bora niliyowahi kuandika katika lugha yoyote, na nimeandika nyingi.

Jumatano, 2 Aprili
Namba 4. Sijibanduki kwenye simu. Nimechuma chai vibaya, nimetia majani magumu, nikarudishiwa kikapu kwenye kituo cha kununulia chai nichambue upya. Mbele ya watu. Nilistahili.

Jumapili, 6 Aprili
Naandika ya jana.

Ijumaa jua lilikuwa limeshazama, kompyuta nimeifunika kitambaa, simu ikalia. Barua. Kutoka kwa Mateo. Nikalala bila kuifungua, maana Kihispania ni kazi na Sabato ni Sabato. Kanisani sikusikia hubiri hata neno. Amri ya nne inaniambia pumzika, ya tano inaniambia waheshimu baba yako na mama yako. Na barua imetoka kwa baba.

Nilirudi nyumbani, nikavaa miwani, nikafungua. Bila programu, bila kamusi, bila Moraa. Mistari sita. Nilielewa kila neno.

Querida hija: ¿Has comido?

Binti yangu mpendwa, umekula?

Mengine yanahusu jino (limeota), ng'ombe wa Nyabuto (anaitwaje?), na kama kile kiti bado kipo. Kipo. Lakini sikuendelea upesi. Nilibaki hapo juu, kwenye mstari wa kwanza. Nina miaka sitini na mitatu, na tangu tumzike baba hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nililia, sioni haya kuandika.

Leo namba ni 1. Mvua inanyesha taratibu. Nitamjibu kesho. Jana, baada ya kusoma, nilikumbuka kwamba kweli nilikuwa sijala tangu asubuhi. Nikaenda jikoni, nikapasha chakula, nikala.