Vichanga Kwenye Koti la Mwalimu Mkuu

4 Februari

Binti yangu mpendwa,

Pokea salamu za baba yako, ambaye ni mzima isipokuwa kiuno, na kiuno hicho unakijua. Natumaini kazi ya kupiga pasi mashuka ya hospitali haijakuunguza vidole.

Sasa twende kwenye shauri lenyewe. Ulipoondoka uliniachia panya weupe wawili kwenye kizimba ukasema, "Baba, hawa ni majike, hawana shida, wape mtama na maji tu." Nikakubali kwa sababu ulikuwa unalia, nami sijui kumkatalia mtu anayelia na sanduku mkononi. Lakini mimi ni fundi cherehani. Panya na fundi wa nguo hawajawahi kula sahani moja.

Leo asubuhi nimesikia kwenye kizimba sauti kama ya bawaba kavu, ila ndogo. Kuangalia chini ya maranda, kuna lundo la vitu vyekundu, havina nywele wala macho, vinajinyonganyonga. Jike mmoja amevilalia. Yule "jike" mwingine amekaa pembeni anasafisha masharubu kwa majivuno ninayoyajua, maana ndivyo nilivyokaa mimi siku uliyozaliwa.

Nijibu upesi. Nitawafanya nini hawa?

Baba yako

20 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, na pole kwa kiuno. Barua yako niliisoma wakati wa mapumziko nikacheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kama nimevuta mvuke wa sabuni.

Baba, nisamehe, niliuziwa nikaamini. Mtoe dume leo hii, mpe kizimba chake. Jike wa panya anaweza kushika mimba nyingine siku ileile aliyojifungua. Na vichanga usivichungulie kila mara. Mama yao akiingiwa na hofu anaweza kuwala, nawe hutapenda kuona hilo.

Ukikwama, nenda sokoni kwa yule mama muuza ndege aliyeniuzia. Ni mjane, mkali kidogo, lakini wanyama anawajua. Mwambie nimemnunia kwa ajili ya hao majike wake.

Bintiyo

14 Machi

Binti yangu,

U hali gani? Mimi nipo, na panya wapo, wapo kweli. Barua yako imefika maji yameshamwagika. Jike alikuwa amekwisha kupata mimba ya pili.

Nilikwenda kwa muuza ndege nimebeba kizimba chini ya koti kama mwizi wa kuku. Akamshika kila mmoja shina la mkia, akamwinua nyuma, akanieleza habari za dume na jike bila kupepesa jicho. Mimi nikawa natazama kasuku. Nilipompa salamu zako za kununa akasema, "Mwambie hata mimi nilidanganywa. Wakiwa wadogo hivyo wote ni malaika."

Lakini mwanangu, sina habari njema tu. Niliwatandikia nyuzi za pamba kutoka chini ya cherehani, nikidhani nawafanyia hisani. Uzi ukamzunguka mtoto mmoja mguu, ukakaza, mguu ukakatika. Miaka yote hii nashona, sikujua uzi unaweza kuwa kitanzi. Yu hai, anachechemea, nimempa jina Chechea. Sasa natumia karatasi laini za chooni.

Na ule uzao wa pili haupo. Nilikuwa nachungulia kila mara, sikuweza kujizuia. Asubuhi moja nikakuta mama yao peke yake, na kizimba kimya. Siku hiyo sikushona hata pindo moja. Muuza ndege alipita kuniletea mtama, akanikuta nimekaa tu. Hakusema "ni panya tu." Akakaa na yeye.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo tena na tena. Pole sana kwa uzao ule. Hukukosea kwa ubaya, ulikosea kwa mapenzi, na panya hajui tofauti. Akizaa tena, tupia kitambaa juu ya kizimba ukae mbali.

Mimi nimehamishiwa kwenye mashine kubwa, ile inayomeza shuka upande huu na kulitema upande ule limenyooka. Jirani yangu kazini anauliza habari za panya kila barua ikifika. Amemkubali sana Chechea.

Halafu, Baba, huyo mama wa mtama. Siku hizi mtama unapelekwa majumbani?

Bintiyo

25 Aprili

Mwanangu,

Nakusalimu kwa furaha, na leo kiuno hakimo kwenye habari.

Swali la mtama nimeliona. Kwanza sikiliza ya koti.

Mwalimu mkuu wa shule ya mtaani anastaafu, akaniletea kitambaa cha kijivu nimshonee koti la kuagwa. Likabaki kutiwa vifungo tu, nikalikunja nikaliweka rafuni. Wakati huo jike mmoja alikuwa ametoroka, tumemtafuta mpaka tumechoka. Juzi nachukua koti, mfuko wa ndani ukanitazama. Jike yuko humo, na vichanga vyake chini yake, amewatandikia bitana ya mwalimu mkuu iliyotafunwa vizuri.

Unajua mimi sijawahi kumkosesha mteja nguo yake siku ya ahadi. Kuwatoa, niliogopa kitarudi kile kimya cha kizimba. Nikasimama na koti mkononi kama mtu aliyepewa mtoto wa watu. Mwisho nikalirudisha rafuni, nikaenda kununua kitambaa kilekile, nikaanza kukata upya.

Peke yangu nisingewahi. Muuza ndege alifunga duka akaja kusaidia. Kumbe anashona, hushona magunia yake ya mbegu. Mimi mikono na kola, yeye bitana, kwenye cherehani ya dirishani. Mshono wake ni wa gunia kweli, lakini haufumuki.

Mwalimu mkuu alipokuja akalivaa, likamkaa kama ngozi. Akageukia kioo, akaona rafuni koti jingine la kijivu. "Hili la nani?" Wahenga wamesema mficha uchi hazai, ingawa panya wangu huficha na huzaa. Nikamweleza yote. Akaenda rafuni, mikono nyuma, akainama, akatazama mfukoni kwa muda mrefu kama anayesahihisha mtihani. Muuza ndege akanifinya. Mwalimu akanyooka akasema taratibu, "Wakikua niwekee wawili, fundi. Nikistaafu nitahitaji watu wa kuwasimamia."

Tulicheka mpaka jike akatoa kichwa.

Baba yako

11 Mei

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima.

Nimefurahi kwamba mwalimu mkuu alipata koti lake.

Cherehani ya dirishani ni ya Mama.

Bintiyo

29 Mei

Binti yangu,

Salamu. Barua yako ni fupi lakini nimeisoma kwa muda mrefu.

Ni kweli, ni ya mama yako. Alipofariki niliifunika, na wewe ulikuwa unaipangusa vumbi bila kuifunua. Siku ile ya koti nilikuwa na cherehani mbili na mikono miwili. Niliifunua mwenyewe. Yule mama hakuigusa mpaka nilipomwambia, na kabla ya kukalia kiti aliuliza, "Ilikuwa ya nani?" Nikamwambia. Akasema, "Basi nitashona kwa adabu."

Sasa nikujibu habari za mtama. Ndiyo, unapelekwa nyumbani. Ningependa siku moja anayeuleta asitoke tena kurudi kwake. Sikukuambia mapema kwa sababu niliogopa jibu lako kuliko ninavyoogopa kaburi. Mama yako sitamwondoa mahali pake, na huyu hajaniomba nimwondoe. Lakini wewe ndiye mtoto wangu wa pekee, na bila neno lako sitafanya lolote.

Baba yako

8 Julai

Mwanangu,

Natumaini ni posta iliyochelewa na si afya yako. Sikuharakishi.

Nakuandikia habari za panya tu. Nilinunua dume mpya barabarani kwa tamaa ya rangi, sikumtenga kwanza. Akaleta mafua. Kizimba kizima kikawa kinapiga chafya, na wengi tumewazika nyuma ya nyumba. Madume mawili niliyomwekea mwalimu mkuu yamepona, naye anakuja kila siku kuuliza hali zao. Chechea naye amepona, na ni jike kwa uhakika, kwa sababu wiki iliyopita alizaa. Mmoja wa watoto ana rangi ya chai ya maziwa. Hatujawahi kupata rangi hiyo. Sijamchungulia, nimeambiwa na muuza ndege.

Baba yako

30 Julai

Kwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Hatujaonana tangu siku uliyoniuzia panya, na siku hiyo tulibishana bei. Natumaini u mzima, na mafua hayakuruka kutoka kizimbani.

Nimechelewa kuandika. Niliandika barua nne kwa Baba nikazichana, kila moja ilikuwa na maneno ya haki na hakuna hata moja niliyotaka aisome. Ndipo nikaona niliyekuwa na neno naye ni wewe, si yeye.

Mwambie nimekubali. Likizo yangu ni mwezi wa kumi, nami nataka kuwapo, kwa hiyo msimwozeshe Baba kabla sijafika. Cherehani ya dirishani itie mafuta kila mwezi, hasa upande wa gurudumu, Mama alikuwa akifanya hivyo. Na Baba asinunue tena dume barabarani.

Kuna jambo moja nililokuwa nalo moyoni tangu nipande gari kuja huku. Mama alipofariki, Baba aliacha kukaa mezani. Alikuwa akila amesimama jikoni, sufuria mkononi, haraka haraka, kama mtu anayesubiriwa. Nilimwekea kiti, hakukalia. Ndicho kilichokuwa kinaniliza siku ile, panya walikuwa kisingizio.

Nijibu wewe mwenyewe, usimpe yeye kalamu. Siku hizi, akila, anakaa?

Mwanao

PS. Huyo wa rangi ya chai ya maziwa ni wangu.