Kompresa ya Lori la Shibiri Moja

Jumamosi, Biharamulo

Kumbe hapa sokoni kompresa huchaguliwa kama dume la ng'ombe: kwa nguvu.

"Hii inajaza tairi la lori chai yako haijapoa," alisema Bwana Salumu wa duka la vipuri.

Nikamweleza kwamba lori langu ni la mbao, urefu wa shibiri moja, na bomba la kulipulizia rangi lina unene wa kalamu tu.

"Basi utamaliza mapema, mwandishi."

Tulijaribu. Upepo ulitoka kwa kishindo pamoja na matone ya maji, mlango mmoja ukaota malengelenge. Bwana Salumu akausifu mng'ao wake.

Kompresa ya pili, iliyotolewa kwenye friji bovu, ni kimya na ya kupendeza. Inataka tu umeme usiokatika. Hapa Biharamulo.

Lori hili dogo namtengenezea Mzee Gaspari. Lile la kweli aliliacha ng'ambo ya mto, akaja kambi ya wakimbizi ya Benaco kwa miguu. Makala zangu hazijamsaidia chochote. Aliomba hili, la bluu, wajukuu walione. Keshokutwa naenda kambini, na rangi iliyobaki inatosha mara moja tu. Hilo limeninyima raha kuliko ninavyopenda kukiri.

Fundi pancha alinicheka. "Shikamoo, mzee. Unanunuaje upepo na umeubeba?" Akapiga teke tairi la akiba la gari langu. Tukaunganisha mpira wa bomba la rangi kwenye valvu ya tairi hilo: upepo mkavu, mtulivu, bila kelele. Bluu imekaa.

Sasa tairi la akiba limekwisha upepo, na barabara ya Benaco haisamehe. Kesho nitampelekea Bwana Salumu alijaze, chai yangu haijapoa. Atasema alijua tangu mwanzo.