Mama Bubu

Jumatatu, 9 Mei
Sketi tatu za shule, upindo tu. Furaha yuko darasani, kwa hiyo nimehudumia wateja kwa kutikisa kichwa. Anayeuliza sana namwonyesha saa: rudi saa kumi, binti yangu atakuwepo. Mtaa mzima wa Mwanga wanadhani nina maringo. Wacha wadhani. Kiswahili changu cha ng'ambo ya ziwa kikisikika tu, wataulizia kibali, nami sina kibali cha kukaa nje ya kambi ya wakimbizi. Humu daftarini lafudhi haisikiki.

Jumanne, 10 Mei
Wasichana wawili wamefukuzwa shule kwa sketi fupi. Wakakaa kibarazani wakinisubiri, wanasomeana simu. Hadithi ya yule binti wa tamthilia ya jioni, ila siyo ya kwenye runinga. Watoto wanajitungia wenyewe na kuiweka mtandaoni. Kwenye runinga mama yake ni hakimu, anafoka kutwa. Kwenye hii ni bubu. Sokoni humfinya binti mkono. Mara moja: nyamaza. Mara mbili: sema wewe.

Nikajidunga sindano. Ishara hiyo tunaijua watu wawili tu. Nilimfundisha Furaha akiwa na miaka mitano.

Jumatano, 11 Mei
Simu ni yangu, Furaha huiazima jioni. Nimeipekua. Si ustaarabu, najua. Sura kumi na moja, nimesoma zote, kazi imelala. Yule binti anashtuka kila mlango ukibishwa. Anaota kuwa na mama anayefoka. Chini, watoto wasiojuana wameandika yao. Mmoja anamsemea bibi yake hospitali tangu darasa la pili. Mwingine, mama yake akifika shuleni, hujificha chooni. Mmoja akamuuliza mwandishi kama yeye pia anamwonea mama yake aibu.

Furaha kajibu: "Namwonea aibu. Halafu najionea aibu mimi."

Nilidhani namficha. Kumbe nimemtwisha.

Alhamisi, 12 Mei
Nimeshindwa kumtazama usoni. Nimempikia samaki, mgebuka, nikampa kipande cha katikati. Akauliza kuna nini. Nikasema hakuna. Mwoga mimi.

Kwenye mkoba wake nimekuta barua. Kikao cha wazazi, kesho. Imeandikwa wiki mbili zilizopita.

Ijumaa, 13 Mei
Nimekwenda. Mwalimu wa darasa akauliza mimi mzazi wa nani. Mkono wangu ukatafuta mkono wa Furaha. Haukuwepo. Alikuwa dirishani na wenzake, kaganda.

"Miye niko mama ya Furaha."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Karibu, mama. Weka sahihi hapa," akasema mwalimu, akamgeukia mwingine. Basi. Miaka kumi na moja ya kutikisa kichwa, halafu basi. Ila mama mmoja wa benchi la mbele alinitazama mpaka kikao kikaisha. Labda atasema mahali. Sijui.

Furaha alirudi nyumbani peke yake, mbele yangu. Sikumwita.

Jumamosi, 14 Mei
Tumekwenda ufukweni Katonga kununua dagaa. Mambo ya jana hatujayazungumza, wala ya simu. Ziwa limetulia. Muuzaji akatusalimia, kisha akamtazama Furaha, kama kawaida yake.

Furaha akanisogelea. Nikahisi vidole vyake mkononi mwangu. Akanifinya mara mbili.

Nikauliza bei.