Debe la Nne

Jumatatu, 17 Julai 1916

Bwana ameniita ghalani, akafunga mlango. Nikajua kuna neno. Boma la Wajerumani linachukua motokaa zote na benzini yote kwa ajili ya vita, naye amewaambia yake imekufa. Imekufa! Jana tu nimeiendesha mwenyewe mpaka Mkuyuni. Kesho niitoe benzini yote, tuilaze motokaa nyuma ya marobota ya mpira mpaka vita viishe. Nikasema ndiyo, Bwana. Ningesema nini? Futari imenishinda kwa woga.

Jumanne, 18 Julai

Kazi kutwa. Siku zote nanyonya benzini kwa bomba la mpira, ikifika mdomoni natema, basi. Leo nimefunga – nikimeza tone je? Nikafungua koki ya chini, ikatiririka taratibu, Bwana akihema kwa haraka zake. Madebe manne, yale yale yaliyokuwa ya mafuta ya taa. Nikawasha injini ili iliyobaki kwenye kabureta iishe. Ikakohoa, ikazima. Ikiachwa humo, asema Bwana, itageuka ulimbo na kuziba vitundu vyote. Nikasafisha chujio. Nikatia kikombe cha oili ndani ya tangi, tukaitikisa motokaa huku na huku ienee, kutu isishike. Mirija nimeiziba kwa vijiti na nta, na midomo ya madebe kwa nta vilevile. Kazi safi! Najisifu mwenyewe, maana hakuna wa kunisifu.

Halafu Fransisko mpishi akapita mlangoni na kijinga cha moto cha jikoni. Hatua nane kutoka kwetu. Nane! Moto ukaruka hewani kutoka kijinga chake, tambara nililofutia mikono likalipuka chini palepale, nyusi za Fransisko zikaungua. Tukazima kwa mchanga. Bwana akanifokea kana kwamba nimepita na moto mimi: hii si mafuta ya taa, hii mvuke wake ndio unaoshika.

Jumatano, 19 Julai

Bwana ameondoka na jeshi alfajiri, kuelekea Kisaki. Neno lake la mwisho: yakikutwa hayo madebe, yeye hanijui. Ahsante sana!

Matatu nimeyafukia migombani. Shimo la nne limegonga mwamba, na wanawake wameanza kupita kwenda mtoni. Nikalifunga debe kwa mkeka, nikalileta nyumbani, nikalisukuma uvunguni. Mwaisha akauliza. Nikamwambia mafuta ya taa ya Bwana. Nimemdanganya mke wangu mchana wa Ramadhani. Lakini nimefanya kwa ajili yake – wakija kumhoji, awe hana la kusema.

Ijumaa, 21 Julai

Mbiu ya Boma imepigwa sokoni. Atakayekutwa na benzini ni kitanzi, Mwafrika, Mhindi, yeyote. Msikitini Ombasha Mosi, yule askari wa Boma, akakaa bega kwa bega nami. Akanusa. Akasema mwenzangu wewe unanuka motokaa mpaka kwenye kanzu. Nikacheka. Naye akacheka. Sijui nimesali rakaa ngapi.

Jumapili, 23 Julai

Wamepekua nyumba tatu mtaa wa pili. Motokaa imelala, mimi silali.

Jumatano, 26 Julai

Ugomvi. Duka la Taherali halijaona mafuta ya taa tangu mwaka jana, na msikitini tunasali tarawehe kwa utambi mmoja wa mafuta ya mbarika unaofuka moshi. Kesho ni usiku wa ishirini na saba, usiku mkuu wa Ramadhani. Mwaisha akaniambia, "Baba Pazi, debe zima uvunguni, na watu wanapapasa gizani kutafuta pa kusujudu. Humwogopi Mungu?"

Naogopa! Naogopa kila kitu. Nikamwambia mali ya Bwana haiguswi. Akasema Bwana kakimbia, hatarudi. Kisha akanyamaza. Mwaisha akinyamaza ujue ameshaamua, nami mjinga nikadhani nimeshinda.

Alhamisi, 27 Julai

Nimerudi kutoka shambani baada ya alasiri. Uvungu mtupu.

Nilidhani ni Boma. Nikakaa chini sakafuni kabisa. Mwaisha akaja na uso wa furaha ambao sijauona tangu vita vianze. Amelitoa debe sadaka msikitini. Kwa jina langu! Mwalimu Mwinjuma, imamu wetu, amelia kwa shukrani. Na aliyelibeba debe, kichwani, akiomba apate na yeye thawabu, ni Ombasha Mosi. Hakunusa? Ananinusa mimi, benzini hainusi! Labda nta. Labda watu wamesahau mafuta ya taa yananukaje.

Taa kumi na mbili. Zimeshajazwa.

Nikisema, ni kitanzi. Nisiposema – wanaume safu nne, wanawake nyuma ya pazia, mlango mmoja. Nimefikiria kwenda kuziangusha kama kwa bahati mbaya. Taa kumi na mbili kwa bahati mbaya! Nimefikiria kukimbilia Matombo. Mwaisha anaoga. Ametoa kanga yake mpya. Anasema atakaa mbele, azione zikiwaka.

Hodi. Nimeruka.

Ni Ombasha. Salamu nyingi, mkono kifuani. Ametumwa na Mwalimu: watu wote wamekubaliana kwamba mwenye sadaka ndiye awashe taa ya kwanza. Nimemwambia angoje barazani, natia udhu.

Sitii udhu. Naandika. Atakayeliokota daftari hili na asome: debe lilikuwa langu, nililificha mimi, nilimwambia mke wangu ni mafuta ya taa naye akaniamini. Mwaisha hakujua. Hakujua.

Jua limegusa mlima. Mwaisha amepita mlangoni, ananiuliza kwa nini nimekaa na kalamu watu wananingoja, na mbona nalia. Ombasha yuko barazani anachezea kiberiti, nasikia njiti zinavyogonga ndani. Ameuliza mara ya pili kama niko tayari. Nimemwomba aingie ndani, nina neno naye juu ya lile debe