Makucha Uliyoyaacha Nyuma ya Mlango

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na hilo nalo ni kosa lako.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu hukuwahi kukubali nikujibu Kiswidi. Nikikujibu Kiswidi ulikuwa unajifanya hujasikia, unaendelea kumenya chungwa lako mpaka nirudie. Basi leo sikia. Nina hasira, na nataka uisikie neno kwa neno.

Unajua watu walisemaje ulipokufa? Yule jirani wa ghorofa ya chini, mama mwenye mbwa, alinishika mkono kwenye lifti akasema maskini, labda kwao hakuna barafu, hakujua. Kazini wakaniuliza ulikuwa umefika Uswidi lini. Hata mchungaji, Mungu amsaidie, alisimama mbele ya jeneza lako akatukumbusha kwamba ugeni ni mgumu. Ugeni! Wewe uliyekuwa unateleza kwa viatu vya visu juu ya ziwa Mälaren kabla mimi sijazaliwa? Wewe uliyewafundisha Waswidi wa kazini kwako kusikiliza barafu, kwamba ikilia sauti nyembamba, geuka urudi? Nilitaka kusimama pale kanisani nipige kelele kwamba baba yangu alijua. Nikanyamaza. Maana wangeniuliza, kama alijua, ilikuwaje?

Ulijua kila kitu, Baba. Ndiyo maana nimekukasirikia.

Nani alinivalisha isdubbar shingoni, yale makucha mawili ya chuma ya kujivutia juu ukitumbukia, hata kabla sijajua kufunga kamba za viatu? Pale ufukweni Bredäng ulikuwa unanikagua kama askari wa mpakani. Nguo kavu ziwe kwenye mfuko usioingiza maji. Mkanda wa begi upite katikati ya miguu, ili ukizama begi lielee nawe, lisikuvuke kichwani. Kamba ya kurushiana iwe mahali ambapo mkono unafika. Na ispik, ile fimbo ndefu yenye ncha ya chuma, ya kupiga barafu mbele yako kabla hujaikanyaga. Nililia kwamba wenzangu hawabebi mizigo yote hii. Ukasema, "Wenzako wana baba zao. Wewe baba yako ni mimi."

Halafu siku ile ya Machi, jua limewaka na barafu imeanza kuoza kwa joto, ukatoka peke yako. Begi ulibeba. Ispik ulibeba. Makucha ukayaacha yananing'inia kwenye ndoano nyuma ya mlango, chini ya kofia yako. Mimi ndiye niliyeyakuta, polisi wakiwa bado wamekaa sebuleni na Mama. Niliyatia mfukoni asiyaone. Aliyaona.

Nimejaribu kukutetea. Labda alikuwa na haraka. Labda alisahau. Kisha nakumbuka ulivyokuwa unasema miaka hii ya mwisho, huku unacheka: "Mimi na ziwa hili tumeshazoeana." Na ulikokwenda, Baba! Pale visiwa viwili vinapokaribiana, maji yanapopita kwa nguvu chini. Mimi ulinikataza kupakanyaga. Uliniambia barafu ya pale ni uongo mtupu. Mwenyewe ukaenda.

Rafiki yako Salum umemfanyia vibaya kuliko sisi. Ulimwandikia kwamba unatoka. Yeye alikuwa anaendesha basi, simu iko mfukoni, akausoma ujumbe wako wewe umeshakufa. Tangu hapo viatu vyake vya kutelezea amevitupia chini, kwenye stoo ya jengo lao kule Tensta. Kila akija nyumbani anaanza upya, kama mtu anayejitetea mahakamani. "Shemeji, ningeuona mapema ningemwambia anisubiri." Mama anamsogezea chai, anamwambia kunywa, Salum. Chai inapoa, anaanza tena. Hukuweza kumsubiri mwenzako amalize zamu?

Sasa nikupe habari ambayo hutaiamini.

Januari ziwa lilipoganda, tukiwa tunarudi kutoka kanisani, Mama akasema, "Tumaini, nipeleke nikanunue viatu."

Nikamwambia ana viatu vya baridi jozi mbili, zote nzuri.

"Sisemi hivyo. Vile vya baba yako. Vya visu."

Nilimfokea, Baba. Palepale kwenye treni, kwa Kiswidi, watu wanatutazama. Nilimwambia haiwezekani, ametoka wapi na mambo haya, mtu ambaye tangu aje nchi hii hajaligusa ziwa hata kwa fimbo. Akaniacha nimalize. Kisha akasema taratibu, macho dirishani, "Miaka yote hiyo, kila Jumapili alikuwa ananipita mlangoni anakwenda huko. Nataka kujua kulikuwa na nini."

Nikampeleka.

Yule muuzaji alikuwa mpole, simlaumu. Alimpima Mama mguu, akamletea viatu vigumu vya kushika kifundo. Akaeleza kwamba visu vile ambavyo kisigino kinanyanyuka ni vya watu wa safari ndefu, anayeanza afadhali avae vilivyofungwa mbele na nyuma. Alikuwa ananielezea mimi, na Mama alikuwa anamjibu yeye. Akachagua kofia ngumu, akachagua pedi za magoti. Tukafika kwenye makucha.

Mama alivaa glavu zake, akafumba macho, akajaribu kuyachomoa kwenye kifuniko chake. Yakagoma. Akayarudisha, akachukua mengine, akafumba macho tena. Nilijua anachofanya. Alikuwa ndani ya maji. Alikuwa anakutafutia wewe yanayochomoka upesi.

Muuzaji akadhani tunasumbuka bure. Akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba tukikaa karibu na ufukwe hatuhitaji vitu vyote hivyo, na kwamba wengi wakishazoea huyaacha makucha nyumbani.

Nilifungua mdomo nimtukane. Mama akaniwekea mkono juu ya mkono.

"Mume wangu alizoea," alimwambia, kwa kile Kiswidi chake cha kuongea na wazee anaowauguza, laini, kila neno peke yake.

Muuzaji akamtazama. Kisha akapiga magoti, akamfunga Mama kamba za viatu.

Salum nilimpigia mimi. Nilimwambia, "Baba mdogo, Mama anaingia barafuni, siwezi kumshika peke yangu." Akaniuliza saa ngapi. Jumapili alikuja, viatu vyake vina kutu. Alitukagua mmoja mmoja, shingo, begi, mkanda.

Hatukwenda kule kwako. Tulibaki kwenye ghuba, mahali pana watu na barafu nene. Mama alianguka. Tukamwinua, akaanguka tena. Safari hii akakataa kuinuliwa. Alibaki kwa magoti, akaninyang'anya ispik, akaanza kuipiga barafu kwa mikono yote miwili, mahali palepale, vipande vyeupe vinamrukia usoni. Alikuwa anakuita. Si Baba Tumaini. Jina lako, lile ambalo mimi sijawahi kumsikia akilitaja mbele ya watu. Waswidi walitupita kwa mbali, kwa adabu yao. Salum akageuka akatupa mgongo, mabega yanamcheza.

Barafu haikupasuka. Alipochoka, akajifuta uso kwa mtandio, akasema, "Haya. Niinueni."

Na baadaye, Baba, upepo ulipotugeukia mgongoni, Mama aliteleza. Mimi huku, Salum kule, lakini tulikuwa tumemwachia, na alikuwa anakwenda. Alitoa sauti ambayo sijaisikia tangu niwe mkubwa, nusu kicheko, nusu mshtuko. Nikatazama uso wake, na hasira ikanirudia upya, kubwa kuliko ya kwanza. Ulikuwa na hiki kitu miaka yote hiyo, na hukuwahi kumshika mkono umpeleke! Ulisema Mama hapendi baridi. Ulimuuliza? Angekuwa anatoka nawe, angekutazama shingoni kabla hamjafika kwenye ngazi. Mama hutazama. Ungekuwa hai.

Yule jirani wa lifti nimeshamjibu. Nilimwambia, "Baba yangu alijua barafu kuliko wewe. Alikuwa mkaidi." Akaniomba radhi. Sikujua radhi hiyo niipeleke wapi.

Sijakusamehe. Msimu huu huenda ukaisha nikiwa bado hivi, sikudanganyi. Lakini lala sasa. Hasira hii ni mali yangu, nitaibeba mwenyewe, wewe hutakiwi kufanya lolote tena.

Mama ameshasema Jumapili tunarudi. Nitakwenda naye. Na ahadi yangu kwako ni moja: kila nitakapomtoa, nitamrudisha nyumbani.

Mwanao,
Tumaini