Mama, Boksi la Besi Silirudishi

Kambini, Kericho
Jumapili alasiri

Kwako mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na wote walioamka hapo nyumbani. Goti lako linaendeleaje na hii baridi? Na yule ng'ombe mweupe, alizaa salama? Mimi ni mzima, ila kifua kinanibana kidogo asubuhi. Juzi mvua ya mawe ilipiga chai huku mpaka majani yakabaki matundu matundu, kwa hivyo kazi imepungua kiwandani na nimepata nafasi ya kuketi nikuandikie.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu huwa hatumalizi. Nikianza tu kueleza jambo, unampa kaka Ouma simu, na Ouma akishaishika haiachi tena. Najua ameshakwambia kwamba nimenunua spika kubwa, kwamba nimelinyima kanisa, na kwamba dada yake anazunguka na vyombo vya muziki kama watu wa kilabuni. Ameniamuru nirudishe dukani. Mama, sirudishi. Soma mpaka mwisho, halafu useme mwenyewe kama nimekosea.

Unajua nimekuwa nikipiga gita la besi kwa kanisa la hapa kambini tangu nije kufanya kazi huku. Gita ni langu, lakini amplifaya ilikuwa ya kanisa. Na besi bila amplifaya ni bure. Unajisikia mwenyewe na labda mtu aliyekaa karibu nawe, basi. Mwaka huu tukapata mwenyekiti mpya wa kwaya, mtu wa kutoka huko huko kwetu, ambaye kumbe wanajuana na Ouma. Siku ya mazoezi nikafika nikakuta kijana mmoja ameshika nafasi yangu, na gita la kuazima limeunganishwa na amplifaya ile ile.

"Dada Awino," mwenyekiti akaniambia mbele ya kila mtu, "tumeonelea besi ni kazi nzito. Akina mama mtusaidie na kuimba."

"Nzito aje, na nimeipiga hapa miaka yote?"

"Si vizuri mwanamke kusimama hapo mbele na kitu kama hicho kifuani. Wageni wanaangalia."

Watu wakatazama chini. Mama, hicho ndicho kiliniuma zaidi. Watu nilioimba nao, niliokesha nao matangani, hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Nikaweka gita langu kwenye mfuko nikatoka. Sikulia pale. Nililia nikiwa njiani katikati ya chai, ambapo hakuna anayeniona, na nilipofika nyumbani nilikuwa nimemaliza.

Mtu mmoja tu alinifuata. Ni Chebet, rafiki yangu tunayefanya naye kazi sehemu ya kukaushia chai. Yeye ni Mkipsigis, kwao ni Merigi, na anapiga kinanda. Akaketi kitandani kwangu na viatu vyake vya matope, akasema, "Wacha wabaki na hiyo yao. Binamu yangu anaolewa mwezi ujao na wanataka muziki. Nunua yako, twende."

"Nani atanibebea?"

"Si ununue ile unaweza kubeba mwenyewe."

Basi hivyo ndivyo nilivyochagua, Mama. Sikuwa na ujuzi wowote wa mambo ya mashine, lakini nilijua vitu viwili: lazima niibebe peke yangu, na lazima isikike nje, maana harusi za huku ni za hemani.

Tulienda Kericho mjini nikiwa na gita langu mgongoni. Duka liko ghorofa ya juu. Muuzaji akatuuliza, "Mnanunulia kanisa ama bwana?" Chebet akacheka mpaka akashika kaunta. Nikamwambia, "Nanunua yangu." Akatuonyesha moja kubwa kama kabati la nguo. Sauti yake ilikuwa tamu kweli, sikatai, lakini nilipojaribu kuiinua haikutoka sakafuni. Halafu akatoa ndogo sana, amplifaya na spika vikiwa kitu kimoja, ya kubeba kama kikapu. Pale ndani ilisikika vizuri. Nikaomba niijaribu nje kwenye veranda, juu ya barabara. Muuzaji alikunja uso lakini akavuta waya mpaka mlangoni. Mama, nilipoipiga pale nje sauti ilipotea. Nikaongeza, ikaanza kukwaruza kama mtu mwenye kikohozi. Lori la majani likapita na hata mimi sikujisikia tena.

Nilitaka kukata tamaa. Ndipo muuzaji akasema kuna njia nyingine, kununua vitu viwili mbalimbali. Kimoja ni amplifaya yenyewe, ndogo, inaingia kwenye begi la bega. Cha pili ni boksi la spika, jepesi, lenye spika moja pana na mshikio juu. Akanieleza lazima viendane, kwa sababu ukiunganisha boksi lisilolingana na amplifaya unaweza kuiunguza. Akaniambia pia siku nikitaka nguvu zaidi naweza kuongeza boksi la pili kama hilo, lakini si zaidi ya hapo. Nikapiga tena pale verandani. Watu wa chini barabarani wakainua vichwa. Chebet alivuka ng'ambo akasimama karibu na kinyozi, na kutoka huko akanipungia mkono kwamba anaisikia.

Nikashusha boksi ngazi zote mwenyewe, nikalipandisha tena. Mkono uliuma lakini haukukataa. "Hili," nikasema. Akiba yangu ilienda, Mama, lakini ni jasho langu mwenyewe.

Siku ya harusi Merigi mvua ilikuwa imeharibu barabara, gari likatuacha mbali na boma. Nikavua viatu, nikabeba begi bega moja, gita mgongoni, boksi mkononi nikilibadilisha kulia na kushoto. Nilianguka mara moja, nikalinda boksi, goti likachubuka. Tulipofika, msimamizi wa sherehe akaangalia nyuma yetu akauliza, "Mpiga besi amebaki wapi?"

Chebet akamwambia, "Huyu hapa. Mpe stima."

Nikapiga na goti lenye damu. Sauti ilijaa hema lote ikatoka mpaka kwenye shamba la chai. Wanawake wa huko wakaacha sufuria jikoni wakaja kucheza. Gogo yake Chebet, yaani nyanya yake, mzee sana, akaweka kiganja chake juu ya boksi akacheka. "Hii inaongea ndani ya tumbo," akasema. Hakuna aliyeniambia niende nikaimbe na akina mama. Sijawahi kusikia raha kama ile.

Habari ikafika kambini. Wiki iliyofuata mwenyekiti akabisha mlangoni kwangu, mpole kabisa.

"Dada, tunapata mgeni mkubwa Jumapili, na amplifaya ya kanisa inakwaruza. Tuletee yako."

"Nitaleta."

"Mungu akubariki. Kijana wetu ataipiga vizuri."

"Basi sileti."

Akashangaa. "Kwani hiyo mashine ni kubwa kuliko Mungu?"

"Mashine ni yangu. Mikono ndiyo ya Mungu, na ndiyo mmekataa."

Akaondoka bila kuaga. Jumapili mgeni alikuja, kwaya ikaimba bila besi, na mimi nilikuwa ndani, benchi ya katikati, nikiimba. Sikuhama kanisa na sihami. Jioni yake ndipo akampigia Ouma simu, na wewe ukasikia yale uliyosikia. Baada ya hapo akina mama wawili wa kwaya wamekuja kwangu kuomba niwafundishe mabinti zao. Tunafanya mazoezi mlangoni, kila mtu akiona.

Sasa la mwisho. Ouma ameniambia kwa ukumbusho wa marehemu baba mwezi wa kumi na mbili atakodi mtu wa disko. Hakuniuliza, na mimi pia ni mtoto wa baba. Nakuja na Chebet, na nakuja na boksi. Nitapiga hapo uwanjani mbele ya ukoo wote. Anayetaka kuziba masikio azibe.

Nisalimie mama mdogo na umwambie dawa ya kifua nimepata. Msalimie shangazi wa Kendu, mke wa Ouma ambaye najua yuko upande wangu hata kama amenyamaza, na watoto wake wote. Na Ouma mwenyewe, msalimie sana. Ni kaka yangu, nampenda, na siogopi.

Mama, siombi ruhusa. Naomba tu unitafutie mahali pakavu pa kuweka boksi, karibu na stima.

Ni mimi binti yako,
Awino