Masizi Ndani ya Kasha

Garsen, Alhamisi jioni, 1956

Mkeka mkavu! Nimeupapasa wote kwa kiganja. Leo kijibwa changu Masizi hakukojoa ndani.

Juzi Mama Halima, mwenye nyumba wangu, alinisimamisha mlangoni. "Mwalimu, mimi naswali chumba cha pili. Huyu mtoto wa mbwa akikojoa ndani tena, atalala nje."

Nje kuna fisi. Ndugu yake Masizi alichukuliwa na fisi kulekule Idsowe walikozaliwa.

Ndipo nikaomba kasha la majani ya chai dukani, nikatandika gunia, nikawa namlisha humohumo. Mbwa hapendi kuchafua anapolala. Siku ya kwanza alilia mpaka nikaona haya kwa majirani. Nusura nimtoe, lakini nikajikaza, nikakaa sakafuni kando yake hadi akanyamaza.

Leo asubuhi nilikuwa nanyoa ndevu nikamsikia akikwaruza mbao. Nikambeba mbio hadi kwenye nyasi, shuka kiunoni, povu mashavuni, Mama Halima akitazama. Masizi akachuchumaa, akakojoa. Nikamsifu kwa sauti kama mwanafunzi aliyefaulu mtihani.

Mama Halima alicheka hadi akashika ukuta. Tangu afiwe na mumewe sijamsikia akicheka hivyo.

"Haya, alale ndani," akasema. "Lakini upande wangu asije."

Bado nina wasiwasi. Usingizi wangu mzito, na akikwaruza alfajiri nisisikie...

Nilipotoka sasa hivi kumwaga maji, nimekuta kifuu cha maziwa mlangoni pangu. Mimi sinywi maziwa, na Mama Halima anajua.